Ngombe Wako Alipokula, Ulikuwa Wapi?



Tangu mwaka uliopita, kila Siku ya Mungu kisha ibada, ninakuta watu wawili ao watatu wananingojea karibu na mlango. Zamani mtu akimngojea shemasi mlangoni, alikuwa na neno la maombezi, ao la ugonjwa wa mtoto. Hawa wa sasa wana neno la ngombe. Mmoja ni fundi wa kushona, mwingine anapeleka pikipiki, mwingine ni mwalimu kama mimi, na mama mmoja ni muuguzi aliyekaribia kupumzika kazi. Wote wanasema namna moja: "Shemasi, tumesikia uko na ngombe kule Ngweshe. Ngombe mmoja ni dola ngapi? Na anazaa kisha miezi mingapi?"

Ninawajibu. Lakini ninarudi nyumbani na uzito, kwani hakuna hata mmoja aliyeniuliza lile ulizo ambalo mama mjane aliniuliza katika shamba lake la bondeni, mwezi wa Julai 2023. Ulizo lake lilinipita akili siku ile, na mpaka leo sijalimaliza. Ndiyo sababu nimeomba nafasi katika karatasi hii, ili niwajibu wote kwa mara moja, na nimweke yule mama mbele yenu pamoja na bei ya ngombe.

Kwanza niseme kwa nini tunatafuta kazi ya pili, mtu asifikiri ni tamaa tu. Nimefundisha kalasi ya tano kwa miaka zaidi ya makumi mawili. Tangu Septemba 2019 masomo ya shule ya msingi yamekuwa ya bure katika inchi yetu. Wazazi walipumua, na walikuwa na haki ya kupumua, kwani ni wao waliobeba shule mabegani kwa miaka mingi. Lakini sisi walimu wa mji wa Bukavu tulipoteza ile primi ya wazazi iliyokuwa inatulisha. Kisha, Februari 2025, vita vilipoingia mjini, benki zilifunga milango, na mwenye mshahara akajifunza kwamba hesabu iliyoandikwa katika karatasi haipikwi. Katika saa kama hizo mtu anaanza kukumbuka ngombe wa babu yake. Ngombe hafungi mlango.

Kweli, anaweza kufukuzwa na wenye bunduki. Wazee wetu wa Bushi wanajua: vita vya 1996 na vya 1998 vilimaliza mazizi katika vilima vingi, na nyumba zilizokuwa na ngombe kumi zilibaki na kobayi chini ya kitanda. Lakini kumbukumbu ya ngombe haikufa. Kwetu, ngombe hakuwa nyama tu wala maziwa tu. Baba zetu walipata shamba la kurithisha watoto kwa kumtolea mwami kalinzi, na kalinzi ilikuwa ngombe. Walioa kwa ngombe. Walimaliza ugomvi wa damu kwa ngombe. Basi mwalimu wa miaka makumi ine na zaidi anaponunua ngombe wake wa kwanza, hanunui faida peke yake. Ananunua kuwa mtu.

Mimi nilinunua mwaka 2021, kwa dola 430 nilizopata wakati zamu yangu ya likelemba ilipofika, pamoja na kidogo alichoongeza mke wangu kwa biashara yake ya unga. Alikuwa mtamba mwenye mimba ya miezi sita, wa aina yetu ya vilimani, mfupi, mwekundu, mwenye alama nyeupe pajani. Nilimweka kwa mtoto wa mjomba wangu, kijana mwenye mke na watoto watatu, anayekaa kule kwetu. Ni safari ya saa mbili kwa gari wakati barabara imekauka, kisha saa moja kwa miguu. Mapatano yetu yalikuwa haya: yeye atachunga, mbolea ni yake, maziwa tutagawanya nusu kwa nusu, na kisha ndama watatu kuzaliwa, wa tatu atakuwa wake. Wengi wanapatana hivyo, na wengine vibaya zaidi.

Nilimpa pia maagizo mawili, na ninaomba myasikie vizuri, kwani neno langu lote liko hapo. La kwanza nilimwambia: "Kila nikija nataka kumkuta mnene." La pili: "Mimi niko kazini, usiniletee matatizo madogo madogo." Nilisema hivyo kwa upole, nikimpa sukari na sabuni kwa watoto. Nilijiona bwana mwema.

Sasa mama wa bondeni. Anayejua Ngweshe na Kabare anajua kwamba toka Juni mpaka Agosti vilima vinakauka. Majani ya malisho yanakuwa kama nyuzi za kamba. Mahali panapobaki kijani ni chini, penye maji, ambapo watu wanapanda zao la tatu la mwaka: maharagi, mboga, mahindi machache. Mama huyu hana shamba kilimani. Alipanga kipande kidogo bondeni, akapanda maharagi, nusu ya kula, nusu ya kuweka mbegu kwa mvua ya Septemba. Usiku mmoja ngombe wangu alikata kamba na kushuka. Kulipokucha, palibaki mistari tu ya udongo na mizizi.

Mimi nilikuwa Bukavu, sikujua. Nilipofika siku tisa baadaye, nilimkuta ngombe wangu na tumbo la mviringo na manyoya yanang'aa, katikati ya kiangazi, wakati ngombe wa jirani wanahesabika mbavu. Nilimsifu mchungaji. Nilimpa franka. Nilikuwa ninarudi barabarani nikiimba moyoni, ndipo mama mmoja akasimama katika njia, jembe mkononi, akanisalimia kwa heshima yote.

"Mwalimu, ngombe ni wako?"

"Ni wangu, mama."

"Anapendeza."

"Aksanti, mama."

Akanionyesha bondeni kwa kidole. Tulishuka pamoja. Nilipoona, nilisema neno ambalo kila mtu angesema: "Mama, mimi sikujua." Naye hakunikaripia. Aliniuliza tu, kama vile mtu anauliza njia: "Ngombe wako alipokuwa anakula, wewe ulikuwa wapi?"

Nilijibu kwamba nilikuwa mjini, ninafundisha. Ilikuwa kipimo cha kweli, kwani ingawa ni likizo, nilikuwa na kikundi cha watoto ninaowasaidia kurudilia masomo. Ni kazi ya haki, hakuna anayeweza kunihukumu juu yake. Lakini niliposimama katika udongo ule, jibu langu lilisikika kama karatasi ya muganga ambayo mtoto mvivu anailetea kalasi.

Tulikwenda kwa mzee wa kijiji. Mchungaji wangu aliitwa. Alisema: "Yaya, ngombe ni nyama, hana masikio ya kusikia mpaka wa shamba." Kisha, mzee alipomkaza, akakubali kwamba haikuwa mara ya kwanza. Mara mbili zingine alimwacha kwa kusudi ajilishe kando ya mashamba ya watu, alfajiri, mbele hawajaamka. Nilikasirika sana. Nilimwambia mbele ya wote: "Nani alikuagiza kuiba?" Akainamisha kichwa. Na mzee, ambaye hajaona shule hata siku moja, akanigeukia: "Mwalimu, nawe uliagiza nini?"

Nilirudia maagizo yangu mawili kwa sauti. Nilipofika mwisho wa la pili, sikuweza kuendelea. Kilima hakina majani. Mchungaji hana shamba la majani wala pesa ya kununua. Bwana anataka ngombe mnene, na hataki kusikia matatizo. Wandugu, wekeni maneno hayo mawili pamoja katika mwezi wa Julai, na mniambie yana maana gani nyingine isipokuwa maharagi ya mama yule. Sikusema "iba". Lakini sikuacha njia nyingine.

Tangu siku ile ninafikiri juu ya neno hili "sikujua". Sheria ya Musa, katika kitabu cha Kutoka, inazungumza juu ya ngombe mwenye kupiga watu kwa pembe, na inatenganisha wenyewe wawili. Kama ngombe hakuwa na desturi hiyo, mwenyewe anampoteza ngombe, lakini yeye hana hatia. Kama mwenyewe alikwisha kuonywa, naye hakumfunga, damu iko juu yake. Nilipoisoma zamani niliona ni haki kamili: anayejua ana kosa, asiyejua hana. Lakini kuna mtu wa tatu ambaye sikumfikiri, na mtu huyo ni mimi. Ni yule ambaye hakuonywa kwa sababu alikataza watu wasimwonye. Huyo tumweke wapi?

Kutojua kwa mtoto ni kitu kimoja. Kutojua kwa mtu aliyefichwa neno ni kitu kingine. Lakini kuna kutojua kunakonunuliwa. Nililipa dola 430 kwa ngombe, na juu yake nililipa nusu ya maziwa na ndama mmoja kwa watatu, nikifikiri ninalipa kazi ya kuchunga. Kumbe sehemu ya malipo ilikuwa ya kunifanya nisione. Mchungaji alichukua mvua, kupe, usiku, na zambi ndogo ndogo za kila siku. Mimi nilichukua ngombe mnene na moyo safi. Hiyo ndiyo bidhaa niliyonunua, na nilisahau kuiandika katika hesabu.

Wenzangu fulani wamenipinga, na si watu wabaya. Mmoja, mwalimu wa hesabu, aliniambia: "Unajitesa bure. Mchungaji ni mtu mzima, ana akili yake, Mungu atamuuliza yeye." Ni kweli kwamba yeye ana kosa, na sikumfutia. Lakini tazameni Yakobo kwa mjomba wake Labani. Kwa miaka makumi mawili alichunga mifugo ya mwingine, na nyama akiraruliwa na nyama mkali, hasara ilihesabiwa kwa Yakobo, si kwa mwenye mali. Labani hakushika fimbo, hakulala inje, na mapatano yalikuwa mapatano. Je, tunapoisoma habari ile, kuna mtu kanisani anayemsimamia Labani? Basi kwa nini tukifika zizini tunavaa kanzu yake?

Mwingine alisema: "Wakubwa walifanya zaidi." Naye pia ana kweli. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 ilisema udongo wote ni mali ya Serikali, na mwenye kujua ofisi alipata karatasi juu ya kilima ambacho watu walikuwa wanalima. Mwisho wa mwaka ule mashamba ya wageni, ya chai na ya kinkina, yaligawanyiwa wenye inchi, na wengine wakayageuza malisho. Wengi walikuwa mbali, mjini, na ngombe wao walitembea katika mihogo ya maskini pasipo mtu kuuliza. Tulipokuwa vijana tuliwalaumu sana watu hao. Lakini mimi nilipopata ngombe mmoja, mmoja tu, nilifanya kama wao kwa kipimo cha mfuko wangu. Ukubwa wa zizi haubadilishi ulizo la mama.

Sasa niwaambie hasara yangu, mjue kwamba kutojua hakunilinda hata mimi. Ndama wa kwanza, dume, alizaliwa mwishoni mwa 2021 na alikufa akiwa na miezi ine. Ilikuwa homa ya kupe, ile inayoanza kwa kuvimba tezi chini ya sikio, kisha moto mwilini, kisha pumzi inakuwa fupi. Dawa yake iko, ni ya bei, na inasaidia kama veterineri amefika mapema. Mchungaji aliona tezi siku ya kwanza. Mimi nilipata habari kisha wiki tatu, ndama amekwisha kuzikwa. Nilipomuuliza kwa nini hakupiga simu, alisema: "Yaya, ulikataza matatizo madogo. Nilifikiri tezi ni kitu kidogo." Wakati ule nilimwona mjinga. Ilinipasa kungojea mama wa bondeni ndipo nielewe kwamba alikuwa ametii.

Na kuna neno la maziwa, ambalo linanichoma zaidi kuliko maharagi. Ngombe wetu wa vilimani, akiisha kuzaa, anatoa litri moja, litri moja na nusu kwa siku, ukimwachia ndama sehemu yake. Nusu yangu mke wa mchungaji aliiweka igande, nami nilibeba mashanza katika bidon na kuuza kwa walimu wenzangu. Ilinipa pesa ya karatasi na chumvi. Katika mwaka 2023, yule wa tatu wa watoto wa mchungaji, msichana, alianza kuvimba miguu, nywele zikageuka rangi ya majani makavu. Hakuna mtu wa Bushi asiyejua jina la ugonjwa huo: bwaki. Waganga wa Lwiro waliusoma katika vilima vyetu tangu zamani za Wabelgiji, na bado upo. Muuguzi wa kituo aliuliza mama ya mtoto: "Nyumbani kuna maziwa?" Akasema: "Yapo, ni ya mwenye ngombe."

Mtoto alipona, tumshukuru Mungu. Lakini fikirini: ngombe analala mita kumi kutoka kitanda cha mtoto mwenye bwaki, na maziwa yake yanapanda gari kwenda Bukavu kwa watu wenye mshahara. Hakuna aliyeiba. Nusu ni nusu. Mapatano yalikuwa wazi na mashahidi wawili. Ndiyo maana ninasema mapatano yanaweza kuwa ya haki katika kila mstari, na jumla yake ikawa kitu ambacho hutaki kukisoma mbele ya watu.

Mzee wa kijiji alipoamua malipo, nilitoa pesa mara moja, kwani mwalimu anapenda kumaliza neno. Mama alikataa. Sheria ile ya Musa inasema mwenye nyama alipe kwa mazao bora ya shamba lake mwenyewe, na mimi sikuwa na shamba, nilikuwa na noti. Alisema pesa itanunua maharagi ya sokoni, lakini yeye alichagua mbegu zake kwa miaka, punje kwa punje, zile zinazovumilia maji ya bondeni. Mbegu ile haikuwa sokoni. Nilizunguka kwa dada zake na jirani zake kwa siku mbili nikitafuta waliopewa naye mbegu miaka ya nyuma. Nilipata kilo tatu na kidogo. Juu yake aliomba mbolea ya ngombe, mizigo ishirini ya kichwa, ipelekwe shambani kwake mbele ya mvua, na aliomba niibebe mimi. Sijui kama alisema kwa mchezo. Niliibeba. Siku ya pili wanafunzi wangu wawili wa zamani walinikuta njiani, kitunga kichwani, wakakimbia kunisaidia, nikawakatalia.

Kisha tulibadilisha mambo. Ngombe hatembei tena. Tulimjengea nyumba ndogo ya miti, bati chache juu, sakafu ya mawe ili mkojo utiririke katika shimo la mbolea. Anakula palepale. Ngombe mzima wa kipimo chake anataka kilo 25 mpaka 30 za majani mabichi kila siku, na maji bidon moja ya litri 20 ao mbili kufatana na jua. Anayeanza kazi hii afanye hesabu hiyo mbele ya kuuliza bei ya ngombe. Uwe na karibu nusu hekta ya majani kwa ngombe mmoja, na hata hivyo Agosti utatafuta maganda ya ndizi na mabua ya mahindi. Tulipanda tripsakumu na matete kwa mistari ya kukata kilima, katika kipande cha baba yangu na kando ya mashamba ya jirani watatu waliokubali, kwani mistari hiyo inashika udongo wao usiende na mvua. Wao wanapata udongo na mbolea, sisi tunapata majani. Kila Jumamosi kupe wanapigwa dawa. Maziwa ni ya nyumba iliyo karibu na ngombe, yote. Yakizidi, ni wao watakaouza.

Ndama wa pili alizaliwa 2023, jike. Huyo tulimpa mchungaji, mbele ya mzee wa kijiji, bila kungojea wa tatu. Mke wangu aliniuliza kama nimepata wazimu. Nilimweleza hivi: mtu ambaye anangojea ndama kutoka mkono wangu hawezi kuniambia "hapana". Na kama hawezi kuniambia "hapana", hawezi pia kuniambia kwamba kamba imekatika, ao kwamba tezi imevimba. Sasa yuko na wake. Mwezi wa Julai uliopita alinipigia simu saa kumi na moja ya asubui: "Yaya, majani yamebaki ya siku ine. Ukileta pesa, tutanunua. Usipoleta, tuuze ndama." Ilikuwa mara ya kwanza kuniletea tatizo. Nilikasirika kidogo, kwa desturi, kisha nikafurahi. (Tuliuza. Dume wa 2025, bei ya haraka, lakini tuliuza.)

Basi hesabu yangu kisha miaka hii yote: ngombe mama mmoja, na pesa ya ndama iliyokwenda katika majani na minervali. Ndiyo utajiri ninaoulizwa mlangoni. Anayetaka kutoka katika umaskini kwa miaka miwili, ngombe wa kilimani hatamtoa. Mimba peke yake ni miezi tisa, na usitazamie ndama kila mwaka kwa ngombe anayekula majani tu.

Mtaniuliza: je, mtu anayekaa mjini asinunue ngombe kabisa? Nimefikiri sana, na sikubaliani na wanaosema hivyo, kwani ni nani kati yetu anayeweza kuacha mshahara, hata ukiwa mdogo, akakae kilimani? Mimi bado ninafundisha. Lakini sherti uweze kufika. Mimi ninakwenda Jumamosi moja kwa mbili, na likizo ya Julai na Agosti, miezi ile mibaya, ninakaa kule yote. Kama huwezi hata hivyo, basi weka pesa yako pamoja na ya mtu anayekaa kule, mkawe na ngombe wawili, wako na wake, katika nyumba moja. Ngombe wake ataona njaa siku ileile na wako, na hapo huhitaji kumwagiza kusema kweli. Kama mtu wa namna hiyo hukumpata, ao kama moyo wako unakataa kugawanya, ninasema wazi: usinunue. Fungua duka la sabuni. Sabuni haikati kamba usiku.

Kiswahili chetu kinampa anayechunga ngombe jina moja na anayechunga kanisa, na mara nyingi nimetumia neno hilo katika mafundisho bila kujua harufu yake. Sasa ninaijua. Haitoki katika koti hata ukifua mara mbili, na katekista mmoja ameniomba kwa adabu nikae karibu na dirisha.

Mama wa bondeni alivuna vizuri mwaka uliopita. Ananisalimia. Lile ulizo lake hajalirudilia tena, lakini kila ninaposhuka kwenye gari na kuanza kupanda kilima, ninapita kwanza bondeni, ninatazama mistari yake, ndipo ninakwenda kuona ngombe.

Wanaotaka vipande vya tripsakumu vya kupanda waje kuniona kisha ibada. Viko tayari mpaka mvua za Septemba, havilipwi, lakini mje na mifuko yenu.